Programu ya muziki inapotoa ripoti bila kutaja jina lako



Wiki iliyopita kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliniuliza swali tukiwa tunakunywa chai. Anaandika programu huria ya kusikilizia muziki, usiku akishatoka kazini, na amefika mahali pa kuamua: aweke kile kisanduku cha kuruhusu "ripoti za matumizi zisizo na jina", au asiweke? Nilifungua mdomo nimjibu kwa sentensi moja, nikaona sina. Nikamwambia subiri, nitaandika. Basi haya ni majibu yake, nanyi wengine mnakaribishwa kusoma. Nitapitia historia ya programu za muziki kwa sababu ndizo nilizozitumia tangu nianze kushika kompyuta, na pia kwa sababu kuna jambo nililifanya mwenyewe kwa programu ya muziki ambalo sijawahi kulisimulia hapa. Nitalifikia, msiwe na haraka.

Kwanza tumwelewe mwandishi wa programu. Ukishaiachilia programu yako mtandaoni hujui tena iko wapi. Unaona idadi ya waliopakua, basi. Chukua VLC, iliyoanza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale kule Paris. Mwanzoni mwa 2025 ilitangazwa kwamba imepakuliwa mara bilioni 6. Lakini kupakua si kutumia. Kuna mtu anayeipakua upya kila anapofomati mashine yake, na kuna mwingine anayeipakua mara moja kisha akaigawia darasa zima kwa flashi (sisi huku tunalijua sana hili). Mwandishi amekaa gizani. Hajui kama kile kitufe alichohangaika nacho miezi mitatu kuna mtu amewahi kukibonyeza. Tamaa ya kujua si tamaa mbaya.

Wengi hudhani mambo haya yalianza na simu. La. Turudi mwaka 1993.

Wakati huo Ti Kan aliandika programu iitwayo xmcd ya kuchezea CD kwenye mashine za Unix. CD za muziki zilikuwa na kasoro ya ajabu: hazikubeba jina la albamu wala majina ya nyimbo. Ukiitia kwenye kompyuta unaona "wimbo wa 1, wimbo wa 2". Ti Kan na mwenzake Steve Scherf wakabuni njia. Kila CD ina nyimbo zinazoanzia mahali fulani na kuishia mahali fulani, na ni nadra sana CD mbili tofauti zilingane kwa urefu wa nyimbo zake zote. Basi programu inakokotoa namba kutokana na vipimo hivyo, inaipeleka kwenye hifadhidata mtandaoni, na hifadhidata inarudisha majina. Ikiwa CD haijulikani, mwenyewe unayaandika majina na kuyatuma, na mwenzako wa kesho anayakuta. Mfumo huo uliitwa CDDB. Shikeni hili la urefu wa nyimbo, nitalirudia mwishoni.

Sasa tazameni utaratibu wa kuuliza. Kabla ya swali lolote, programu ilitakiwa kuisalimu seva. Salamu yenyewe ilikuwa na vitu vinne: jina lako la kuingilia kwenye mashine, jina la mashine yenyewe, jina la programu na toleo lake. Ndipo unauliza kuhusu CD. Kwa hiyo aliyekaa kwenye seva angeweza kuona kwamba fulani, kwenye mashine fulani, saa fulani, ametia albamu fulani. Hakuna aliyeiita ripoti ya matumizi. Ilikuwa adabu tu, kama kubisha hodi. Na msimbo wa xmcd ulikuwa wazi kwa yeyote kuusoma.

Watu walishtuka baadaye, na si kwa sababu ya salamu. CDDB iliyojengwa kwa mikono ya watu waliojitolea ikageuka kampuni ya biashara, ikaitwa Gracenote, na ikaanza kudai leseni kutoka kwa waandishi wa programu. Waliokasirika wakaanzisha freedb, iliyodumu hadi ilipofungwa mwaka 2020. Kilichouzwa pale ni majina ya albamu, si habari za wasikilizaji. Lakini funzo lilibaki kichwani mwa watu: unachokitoa leo kwa ukarimu, kesho kinaweza kuwa na mwenyewe mwingine.

Mshtuko wa wasikilizaji ulikuja Novemba 1999. Mtaalamu wa usalama wa kompyuta huko Marekani, Richard M. Smith, aliichunguza RealJukebox ya kampuni ya RealNetworks. Hiyo haikuwa programu huria, ilikuwa imefungwa kabisa, kwa hiyo hakuweza kusoma msimbo. Alichofanya ni kutazama kinachopita kwenye waya kati ya kompyuta yake na mtandao. Akakuta programu inapeleka nyumbani idadi ya nyimbo zilizo kwenye diski, aina ya muziki unaopendelea, CD unazosikiliza, na pamoja na hayo yote namba ya kipekee ya mashine yako. Namba hiyo ingeweza kuunganishwa na anwani ya barua pepe uliyoiandika ulipojisajili. Habari ikatoka kwenye gazeti la New York Times, kampuni ikaomba radhi na kutoa kiraka cha kuizima namba ile.

Tangu hapo neno "bila jina" likawa kama cheti cha usafi. Winamp nayo, iliyotutumbuiza kwenye saiba miaka ile, ilikuwa na kisanduku cha kuruhusu takwimu za matumizi zisizo na jina, na nina hakika sote tulipita juu yake tukibonyeza "mbele, mbele, mbele". (Winamp ilijaribu kuufungua msimbo wake Septemba 2024 kwa leseni ya ajabu, na haukupita mwezi mzima sana kabla ya kuuondoa tena. Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Kwa upande wa programu huria walikuwapo waliofanya kwa staha. Debian wana kitu kiitwacho popularity-contest. Unapoiweka Debian unaulizwa kama ungependa kushiriki, na jibu lililotangulizwa ni hapana. Ukikubali, mashine yako hutuma kila wiki orodha ya programu ulizonazo na zipi umezigusa karibuni, ili wajue zipi za kuweka kwenye diski ya kwanza. Na kulikuwa na njia ya kinyume kabisa: Audioscrobbler, mradi wa Richard Jones alipokuwa mwanafunzi wa Southampton, Uingereza, mwaka 2002. Huko ulijisajili kwa hiari yako na kila wimbo uliousikiliza ulitangazwa kwenye ukurasa wako. Ilijiunga na Last.fm, nayo ikanunuliwa na CBS mwaka 2007 kwa dola milioni 280. Hapo angalau hakukuwa na kificho, ulijua unajitangaza.

Sasa tufike kwa Banshee, ambayo ndiyo niliyoipenda.

Banshee ilianza mwaka 2005 kwa mkono wa Aaron Bockover, ikaandikwa kwa lugha ya C# juu ya Mono, na kwa muda mrefu ilikuwa chini ya kivuli cha Novell. Mwaka 2010 waandishi wake waliongeza kwenye mapendeleo kisanduku kimoja kisicho na makeke: isaidie Banshee kuwa bora kwa kutuma data ya matumizi isiyo na jina. Kilikuja kikiwa hakina tiki. Ukitaka, unatia mwenyewe. Ukitia, programu inakusanya mambo yake kwenye hifadhidata ndogo ya hapo kwako, kisha inayapeleka kwenye seva yao.

Kilichokuwa ndani kilikuwa habari za mashine na programu: toleo la Banshee, aina ya mfumo endeshi, idadi ya prosesa, toleo la Mono, mpangilio wa lugha na nchi, na mengine ya namna hiyo. Na kwa kuwa walihitaji kujua kwamba ripoti ya leo na ya wiki ijayo ni za mtu yuleyule, wasimhesabu mara mbili, kila aliyekubali alipewa namba ndefu iliyotungwa kwa bahati nasibu. Namba isiyo na maana yoyote, haikutokana na jina wala mashine. Kwa viwango vya wakati ule, hiyo ni kazi safi. Aprili 2011 Banshee ikawa ndiyo programu ya muziki inayokuja na Ubuntu 11.04, na kisanduku kile kikafika kwenye mashine nyingi sana duniani. (Mabishano makubwa ya wakati ule hayakuhusu ripoti hizo, yalihusu fedha. Waandishi wa Banshee walikuwa wakipeleka kwa Wakfu wa GNOME kamisheni yote ya duka la muziki la Amazon lililomo ndani ya programu. Canonical ikaamua kuchukua asilimia 75 na kuwaachia GNOME 25. Mpaka leo nikikumbuka nahisi tumbo.) Ubuntu 12.04 ikarudi kwa Rhythmbox, na Banshee ikafifia polepole hadi kazi yake ikasimama miaka michache baadaye.

Mimi nilitia tiki. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilikuwa natumia modemu ya kulipia kwa megabaiti. Nyaya za baharini zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009 lakini bei mfukoni mwangu zilikuwa hazijapata habari. Kutoa hata kilobaiti chache kumpa mtu wa mbali lilikuwa jambo la kufikiria. Nilitia kwa sababu moja: kompyuta yangu niliiweka kwa Kiswahili. Nilitaka kule waliko, siku moja, mtu afungue jedwali aone mstari wa "sw-KE" na kusema, kumbe na hawa wapo. Nilijiona kama nimepiga kura.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kura yangu haikuwa ya siri.

Niwaeleze hesabu yake, si ngumu. Chukua watu 1,024. Ukiuliza swali la ndiyo au hapana linalowagawa katikati, wanabaki 512. Swali la pili, 256. Maswali 10 ya namna hiyo yanatosha kumfikia mtu mmoja. Wataalamu huliita kila swali biti moja, na kwa dunia nzima ya watu bilioni 8 unahitaji biti 33 tu. Hakuna hata moja kati ya maswali hayo linalohitaji kuwa "unaitwa nani?"

Mwaka uleule wa 2010 shirika la Electronic Frontier Foundation la San Francisco lilitoa matokeo ya jaribio lake liitwalo Panopticlick. Peter Eckersley alikusanya alama ambazo kivinjari chochote hutoa bila kuulizwa sana: toleo, fonti, ukubwa wa skrini, saa za eneo, programu-jalizi. Kwa vivinjari 470,161, asilimia 83.6 vilikuwa na mchanganyiko usiofanana na kingine chochote. Miaka miwili kabla ya hapo, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin walichukua data ambayo Netflix iliitangaza ikiwa imefutwa majina, ya watazamaji karibu 480,000. Walionyesha kwamba ukijua filamu 8 tu mtu alizozipa alama, mbili kati yake ukiwa umezikosea, na tarehe ukiwa umezikosea kwa hadi wiki mbili, bado asilimia 99 ya watu hao unaweza kuwatambua kwenye orodha. Kwa hiyo mtu hutambulika kwa anavyopenda. Na muziki si ndio kupenda kwenyewe?

Lakini nilichotaka kijana wangu akione ni hiki. Swali la lugha, kwa Mwingereza au Mmarekani, halisemi kitu. "en-US" ni mstari wenye watu wengi kiasi kwamba ukiingia humo umepotea kama ndoo ya maji baharini. Kwa Mjerumani swali hilohilo linapunguza watu, ila bado anabaki na wenzake wengi. Kwa mtu aliyeweka mashine yake kwa Kiswahili, swali lile moja linakula karibu biti zote. Hawa wenzetu hawakukusudia. Waliandika mpangilio wa lugha kwenye orodha ya vitu visivyo na madhara kwa sababu kwao hauna madhara. Kujificha kunahitaji umati, na sisi, tulio mamilioni sokoni na misikitini na kwenye matatu, kwenye jedwali lile tulikuwa wachache mno, kwa sababu karibu kila Mkenya huiacha kompyuta kwa Kiingereza kama alivyoinunua. Aliyejaribu kuipa lugha yake nafasi ndiye aliyeonekana peke yake uwanjani.

Msimbo wazi hausaidii sana hapa. Unakuonyesha kinachotumwa, haukuonyeshi kinachohifadhiwa kwenye seva, nani anakisoma, wala ni wangapi wengine wamesimama kwenye mstari wako.

KDE walilielewa jambo hili. Sera yao ya telemetria inasema programu isitume chochote kinachoweza kumtambulisha mtu mmoja, na inakataza hata zile namba za bahati nasibu za kila mtumiaji. Walipoiweka kwenye Plasma 5.18, Februari 2020, ilikuja ikiwa imezimwa. Wapo wengine wanaotumia ujanja wa mwanatakwimu Stanley Warner wa mwaka 1965: kabla ya kujibu, mtu anarusha sarafu na wakati mwingine anadanganya, halafu ukweli unapatikana kwa jumla bila kumjua mwongo ni nani. Google waliutumia kwenye Chrome. Ni ujanja mzuri, ila nao unataka umati. Ukiwa na watu 40, uongo unazidi ukweli na unabaki na jedwali la sarafu.

Halafu ikaja Audacity. Hiyo ni ya kuhariri sauti zaidi kuliko kusikiliza, lakini redio ngapi za mitaani na wahubiri wangapi wa huku wanaitumia, siwezi kuiruka. Mwishoni mwa Aprili 2021 ilitangazwa kuwa imeingia mikononi mwa Muse Group. Siku chache baadaye, mapema Mei, likawekwa pendekezo la msimbo wa kukusanya takwimu kupitia Google Analytics na Yandex Metrica. Kisanduku kingekuja bila tiki, kama cha Banshee. Haikusaidia. Watu waliwaka, na kabla ya Mei kufika nusu waandishi wakaliondoa. Julai wakatoa tamko la faragha lililotaja vyombo vya sheria na kuwaambia walio chini ya miaka 13 wasiitumie programu, jambo lisilopatana na leseni ya GPL. Moto ukawaka tena, watu wakanakili msimbo na kuanzisha miradi yao, mmojawapo ukiitwa Tenacity, na tamko likaandikwa upya. Kilichobaki ni ripoti za hitilafu ambazo unaulizwa kwanza, na kuangalia kama kuna toleo jipya.

Mimi nilikuwa kati ya walionyamaza. Rafiki zangu wa kazini walikuwa wanalaani, nami nakunywa chai yangu kimya. Sasa niwaambie kwa nini.

Mwaka 2013 niliandika programu ndogo ya kusikilizia muziki. Nyumbani kwetu kulikuwa na kaseti nyingi, za taarab na za harusi za ukoo, zinaliwa na unyevu wa pwani. Nilizigeuza zote kuwa faili, nikaziweka pamoja na programu, nikawagawia ndugu na marafiki. Walikuwa 37. Nikaweka na kisanduku changu, nikiiga Banshee: ripoti bila jina. Nilituma namba ya bahati nasibu, ukubwa wa skrini, mpangilio wa lugha, saa, na urefu wa faili iliyochezwa. Majina ya nyimbo nilikataa kabisa kuyachukua, nilijiona mwadilifu. Urefu niliuchukua kwa sababu faili ndefu zilikuwa zinakwama na nilitaka kujua ni zipi.

Mjomba wangu wa Malindi alikuwa na laptopu ndogo, zile za skrini ya 1024 kwa 600. Nilimwekea mimi mwenyewe, na kwa kuwa hakupenda Kiingereza, nikaiweka kwa Kiswahili. Kisanduku pia nilikitia tiki mimi. Sikumuuliza, niliona ni jambo dogo la kifundi. Februari mwaka ule mkewe alifariki. Tulipokuwa tukimpigia simu alikuwa akisema, nashukuru Mungu, nala vizuri, nalala vizuri.

Jioni moja nilifungua jedwali kutafuta zile faili zinazokwama. Wote walikuwa "en", isipokuwa mstari mmoja. Kiswahili, 1024 kwa 600. Saa nane usiku, saa tisa, saa kumi, mpaka alfajiri saa kumi na moja. Kila usiku, kwa wiki kadhaa. Na urefu ulikuwa mmoja: dakika 6 na sekunde 41, tena na tena.

Unakumbuka nilivyosema kuhusu CDDB, kwamba CD hutambulikana kwa urefu wa nyimbo zake? Kaseti zile nilizigeuza kwa mikono yangu. Sikuhitaji jina. Nilijua ni kipande cha harusi ya binamu yangu, mahali ambapo wanawake wanaimba na sauti ya mkewe mjomba inasikika juu ya wengine, kisha anacheka.

Nilikaa nikitazama skrini bila kujua nifanye nini na nilichokijua. Mwishowe nilipanda basi nikaenda. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, tukala, tukazungumza mpaka usiku, na sikuweza kumwambia nimekuja kwa nini. Nilimwambia binti yake tu kwamba baba yako halali, asikae peke yake. Akaniuliza nimejuaje. Nikamdanganya kwamba nimemwona macho. Binamu akahamia kwake na watoto, na nyumba ikachangamka.

Mtu anaweza kusema, si basi mwisho ulikuwa mwema? Nami nilijiambia hivyo kwa mwaka mzima. Kisha nikamweleza mjomba mwenyewe, kwa sababu lilikuwa linanikaa kooni. Alinyamaza kidogo.

"Kumbe ulikuwa ukinisikiliza, mwanangu?"

"Hapana, mjomba. Ilikuwa inahesabu tu. Haina hata jina lako."

"Hesabu gani hiyo, haina jina langu na inaijua nyumba yangu?"

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Aliniomba nimwekee ile isiyohesabu, nikamwekea, nikafuta jedwali lote na nakala zake. Mwaka 2019 Kenya ilipopata Sheria ya Ulinzi wa Data nilisoma sehemu ya maana ya maneno. Data haihesabiwi kuwa bila jina kwa sababu tu umefuta jina, ni mpaka mwenyewe asiweze tena kutambulika. Mjomba alikuwa ameshalisema hilo miaka mitano kabla ya Bunge.

Kijana wangu nilimsimulia haya kabla ya kuyaandika, ili asikutane nayo hapa kwa mara ya kwanza. Akaniuliza, sasa nitajuaje faili zipi zinakwama? Swali la haki. Tulikaa tukaandika kitufe kimoja kwenye menyu ya msaada. Ukikibonyeza kinafungua maandishi ya kawaida, kwa Kiswahili, yanayoonyesha kila kitu ambacho ripoti ingekibeba. Unayasoma, unafuta usichokitaka, na ukipenda unayatuma mwenyewe kwa barua pepe. Urefu wa faili unakadiriwa kwenye dakika kumi iliyo karibu. Toleo la kwanza lilitoka Jumatatu. Mpaka ninapoandika haya amepokea ripoti mbili, na moja ni yangu.